Fedha Zetu Zilizoko Ng'ambo Zi Mikononi mwa Nani?

 

Limetufikia swali katika darsa yetu, na walioliuliza ni wazee wa Funzi ambao watoto wao wako safarini, wengi wao Saudia na Imarati na Qatar, na wachache Ujerumani na Uswisi. Wauliza hivi: mtu apatapo fedha za kigeni, aziweke wapi? Afungue akaunti huko huko aliko, au afungue akaunti ya dola huku kwetu? Na kadi hizi za benki zilizojaa leo, achukue ipi na aache ipi? Mmoja wao akaongeza: je, haya ni mambo ya dini hata yaulizwe msikitini, au ni mambo ya makarani wa benki?

Twaanza na hili la mwisho, kwani ndilo lililowapoteza watu. Muislamu wetu wa pwani akitaka kuoa humwuliza shekhe. Akitaka kuchinja, humwuliza. Binti yake akiandikiwa kazi Riyadh, mzee hutoka Funzi kwa mashua mpaka Bodo, akapanda gari kwenda kwa mwalimu wa mbali kutaka hirizi ya safari, akatoa pesa, akarudi moyo umetua. Lakini karatasi ya mkataba, ambayo ndani yake mna mshahara wa binti, na siku ya kulipwa, na njia ya kulipwa, haikusomwa na mtu. Hirizi ile haitamwambia kuwa akaunti inayopokea jasho la binti yake imeandikwa kwa jina la mtu mwengine.

Sababu moja ni masomo yetu. Watoto wetu husomeshwa Safinatu Najaa, nacho ni kitabu chema cha tohara na sala, lakini hakina mlango wa biashara, na wengi huishia hapo. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar r.a. alikuwa akikataza mtu kuuza katika soko la Madina ila awe amekwisha jifunza dini yake. Basi ikiwa muuza tende wa Madina alitakiwa ajue halali na haramu kabla ya kutandika mkeka wake, itakuwaje kwa mtu ambaye mshahara wake hupita nchi tatu na sarafu tatu kabla haujafika mkononi mwa mama yake? Kwa hivyo twasema: naam, ni mambo ya dini, tena ni faradhi kwa yule yamkhusuyo.

Wala fedha ya kigeni si jambo geni katika mwambao huu. Babu zetu walibebana na riyali ya Maria Theresa iliyopigwa Vienna na kuandikwa mwaka 1780 hata ilipokuwa imepigwa miaka mia baadaye, na wakatumia rupia za Hindi mpaka shilingi ya Afrika Mashariki ilipozichukulia mahali pake mwanzoni mwa miaka ya 1920. Shilingi ya Kenya yenyewe haikuja ila Septemba 1966. Lakini wao walikuwa na jambo moja ambalo sisi hatunalo: riyali ilikuwa mkononi. Aliipima, aliigonga akasikia sauti yake, akaifunga katika kikoi. Fedha ya leo ni hesabu iliyoandikwa katika daftari la mtu mwengine, na daftari lenyewe halionekani. Wanachuoni waliokutana Amman mwaka 1986 katika Baraza la Fiqhi la Kiislamu walikata shauri kwamba noti za karatasi ni fedha kamili, hukumu yake ni ile ya dhahabu na fedha katika riba na zaka na mengineyo. Hapo pana mwisho wa hoja ya yule asemaye kuwa riba ni ya dinari na dirhamu tu, na kwamba karatasi hazimo.

Sasa tuje katika asili ya jambo. Mtu akipeleka fedha benki husema, "Nimeweka amana." Neno hili si sawasawa. Amana kwa fakihi ni kitu kinachohifadhiwa kwa dhati yake: huweka kisanduku, na siku ukija hurudishiwa kisanduku kile kile, na kikipotea bila ya uzembe wa mwenye kukihifadhi, hana dhima. Benki haifanyi hivyo. Huichukua fedha yako, huichanganya na za wengine, huitumia kwa shughuli zake, na hudhamini kukulipa mfano wake. Hilo ni deni. Wewe ndiwe mwenye kukopesha na benki ndiyo mdaiwa.

Na haya si maneno mapya. Katika Sahihi Bukhari mna kisa cha Zubeir bin Awwam r.a., sahaba mkubwa, ambaye watu walikuwa wakimjia kumwekesha mali zao kwa uaminifu wake. Yeye alikataa kuzipokea kuwa amana. Aliwataka wazifanye mkopo juu yake, kwani alichelea zisije zikapotea na wenyewe wakakosa haki yao. Alipouawa mwaka 36 wa Hijra, mwanawe Abdullah alihesabu madeni akayakuta milioni mbili na laki mbili, na baba yake hakuacha dinari wala dirhamu, aliacha ardhi na nyumba. Abdullah akauza, akalipa, kisha hakukubali kuwagawia warithi kwa haraka: miaka minne alinadi katika msimu wa Haji kwamba kila aliyekuwa akimdai Zubeir na aje alipwe.

Tumekitaja kisa hiki kwa sababu ndani yake mna hukumu nzima ya akaunti ya benki. Ikiwa fedha uliyoweka ni mkopo, basi kila ziada utakayoahidiwa juu yake kwa kuwa umekopesha ni riba, iwe kubwa au ndogo, iitwe faida, iitwe zawadi ya mwisho wa mwaka, na iwe katika shilingi au katika dola. Na ikiwa ni mkopo, yakupasa uangalie hali ya mdaiwa wako kama ungalivyoangalia hali ya jirani anayekuja kukukopa.

Tuanze na riba. Akaunti ya akiba ya kawaida, ya dola au ya shilingi, katika benki nyingi za hapa na za Ulaya, hulipa ziada kwa hesabu ya miezi. Hiyo ndiyo yenye shaka isiyo shaka. Akaunti ya kawaida ya kuweka na kutoa, isiyolipa kitu, haina riba kwa mwenye nayo, ijapokuwa fedha yake hutumiwa na benki. Na ziko benki zinazofuata sheria ya Kiislamu: hapa Kenya, Gulf African Bank ilifungua milango yake mwaka 2008, na mwaka huo huo ikaanza First Community Bank, ambayo mwaka 2023 sehemu kubwa ya hisa zake ilinunuliwa na Premier Bank ya Somalia, ikabadili jina ikawa Premier Bank Kenya. Katika benki za namna hii akaunti huwa ya mkopo usio na ziada, au huwa ya mudharaba, yaani fedha yako yafanyiwa biashara na faida yagawanywa kwa fungu mlilopatana, na khasara ikitokea katika biashara huwa ni ya mwenye mali. Muulize karani ni ipi kati ya hizo. Asiyejua kukujibu, mwambie akuitie anayejua.

Aliye Ujerumani na hana benki ya Kiislamu karibu naye, na mwajiri wake hamlipi ila kwa benki, basi na afungue akaunti isiyolipa ziada. Ziada ikiingia bila ya kuitaka, asiile wala asiitumie kwa kujikinga na gharama zake. Aitoe kwa maskini au kwa manufaa ya watu, bila ya kutarajia thawabu ya sadaka, kwani si mali yake hata aitolee sadaka.

Ama hali ya mdaiwa, twasema hivi: jina la Kiarabu si dhamana. Benki iliyokuwa ikiitwa Dubai Bank hapa Kenya iliwekwa chini ya msimamizi mwezi wa Agosti 2015 na ikafungwa, na wenye fedha zao wakabaki wakingoja. Shirika la serikali la kulinda amana za benki humlipa kila mwenye akaunti katika benki iliyofungwa hadi shilingi 500,000, na kiwango hicho ni cha tangu mwaka 2020. Kabla yake kilikuwa 100,000. Anayeweka zaidi ya hapo katika benki moja na ajue kuwa kilichozidi hakina kinga hiyo.

Lakini hayo yote, ndugu zetu, ni madogo mbele ya swali tuliloliweka juu ya ukurasa huu. Khasara kubwa ya watu wetu haitoki katika benki kufilisika, wala haitoki katika riba peke yake. Yatoka katika jina. Binti huenda ng'ambo miaka miwili, akalala saa tano na kuamka alfajiri, na fedha akazituma kwa kaka yake, kwani yeye hana akaunti, na laini ya simu aliyoiacha nyumbani imesajiliwa kwa jina la shangazi. Kaka huambiwa nunua kiwanja. Kiwanja hununuliwa, na hati huandikwa jina la kaka. Binti hurudi, akakuta nyumba imejengwa na wifi yake amekwisha ingia. Wazee hukusanywa, na kauli ya kwanza isemwayo ni kuwa hao ni ndugu, wasifikishane mahakamani. Hatuijui dini inayosema hivyo. Katika Suratun Nisaa Mwenyezi Mungu ameamuru amana zirudishwe kwa wenyewe, na hakumtoa kaka katika amri hiyo. Na katika sura hiyo hiyo amewapa wanawake fungu la walichochuma kama alivyowapa wanaume lao.

Na katika Suratul Baqara, katika aya iliyo ndefu kuliko zote za Qur'ani, tumeamrishwa kuandika madeni na kuyashuhudisha, liwe deni dogo au kubwa. Anayeona haya kumwandikisha ndugu yake karatasi amejifanya mpole kuliko sheria. Basi binti na afungue akaunti kwa jina lake kabla ya kuondoka, na aisajili laini yake mwenyewe kwa kitambulisho chake. Akitaka kumtumia kaka, amtumie kiasi cha matumizi ya nyumba, na kilichobaki kikae mahali ambapo hakitoki ila kwa mkono wake.

Huko aliko nako mna hatari ya namna yake. Imarati ilianza mwaka 2009 mpango wa kulinda mishahara, ambao kwa huo mwajiri hulipa kwa njia inayoonekana na serikali. Saudia nayo, kwa wafanyakazi wa majumbani, ilianza Julai 2024 kulazimisha mishahara ilipwe kupitia mtandao wa Musaned kwa benki na pochi za simu zilizoruhusiwa. Ilianza na mikataba mipya, na ratiba yake ilipangwa iwafikie waajiri wote Januari 2026. Hii ni kheri kubwa, kwani mshahara uliopita benki una ushahidi, na mshahara uliotiwa mkononi jikoni hauna. Lakini ushahidi huo huharibika mara moja kadi ikikaa katika mkoba wa bibi mwenye nyumba. Kwa daftari, mfanyakazi amelipwa; kwa hakika hajaona riyali. Kwa hivyo twawausia wasafiri wetu: kadi ya mshahara ni kama ulimi wako, haikai kinywani mwa mwengine. Namba ya siri haipewi mwajiri, wala ajenti, wala rafiki wa chumba kimoja, wala mchumba aliyepatikana katika simu.

Tukisema kadi, ziko za namna tatu, na hukumu zake si moja. Iko inayotoa fedha yako mwenyewe iliyo katika akaunti; ukiwa nayo hulipa, usipokuwa nayo hukataa. Iko ambayo waitia fedha kwanza, kisha waitumia mpaka iishe, na hii humfaa mwenye kwenda Haji au Umra asiyetaka kubeba akiba yake yote katika mfuko wa ihramu. Hata simu siku hizi hutoa namba ya kadi ya namna hii, kama ile ya Visa iliyotolewa kwa wenye M-Pesa mwaka 2022. Hizi mbili hazina ubaya, ila ziangaliwe gharama zake. Na iko ya tatu, ya mkopo, ambayo benki hukulipia leo nawe hulipa mwisho wa mwezi, na ukichelewa huongezewa. Baraza la Fiqhi lilipokutana Riyadh mwaka 2000 lilisema kuwa kadi hii, ikiwa katika sharti zake mna ziada ya riba, haifai kutolewa wala kutumiwa, hata kama mwenye kuichukua ameazimia kulipa kabla ya siku. Wako wanaosema, "Mimi hulipa mapema, hainikhusu." Twaona kauli ya Baraza ndiyo salama zaidi, kwani mtu huyo ametia sahihi kuwa ataikubali riba siku ya udhia wake, na udhia hauna miadi. Na dada yake kadi hii ni ule mkopo wa simu unaohesabiwa ada kwa kila siku: mama yuko Funzi amekopa shilingi mia tano za unga, na fedha ya mwanawe ikiingia tu katika simu, hukatwa deni na ada kabla hajaisoma barua yake.

Sasa kubadilisha sarafu, ambako twataka wasomaji wetu wasimame nasi kidogo, kwani hapa ndipo watu wema wanapokosea. Mtume s.a.w. katika hadithi ya Ubada bin Samit r.a. ametufundisha kuwa dhahabu kwa dhahabu na fedha kwa fedha huwa sawa kwa sawa na mkono kwa mkono, na kwamba jinsi zikikhitilafiana mtu auze atakavyo maadamu ni mkono kwa mkono. Riyali na shilingi ni jinsi mbili. Bei yaweza kuwa yoyote mtakayopatana. Kukawia ndiko kusikofaa. Mtembeza wageni anayewapeleka kuona pomboo na mamba wa mto Ramisi hupewa yuro hamsini. Aenda kwa mwenye duka, naye amwambia: "Nipe, bei ni ya leo, shilingi zako uje Ijumaa." Hii ni riba ya kukawilisha, hata kama hakuna aliyeongeza senti. Njia yake ni nyepesi: amwachie yuro zile kuwa amana, na Ijumaa wabadilishane kwa bei ya Ijumaa, hii ikitoka na ile ikiingia.

Wauliza wengine: je, kadi inayobadilisha shilingi kuwa riyali huko Makka, na hapana noti iliyoonekana, si kukawilisha? Baraza lilijibu Jedda mwaka 1990 kwamba kuandikwa katika hesabu ya mtu ni kupokea kwa hukumu, na kuchelewa kwa maandishi kwa muda uliozoeleka katika masoko kumesamehewa. Basi hapo pana wasaa.

Lakini halali pia ina gharama, na kupoteza mali bila ya faida nako kumekatazwa. Ukitumia kadi ya akaunti ya shilingi katika duka la Madina, kampuni ya kadi hubadilisha kwa bei yake, kisha benki yako yaweza kuongeza fungu lake kwa kila mia. Na ukitoa noti katika mashine ya ATM, mwenye mashine naye hutaka chake. Basi afadhali kutoa mara chache kiasi cha kutosha kuliko kutoa riyali hamsini kila sala. Na mashine ile ikikuuliza, "Wataka uhesabiwe kwa shilingi ya Kenya au kwa riyali?" chagua riyali. Wengi huchagua shilingi kwa kuwa ndiyo waijuayo, na mwenye mashine huwapa bei aitakayo yeye, ambayo kwa kawaida ni mbaya zaidi.

Akaunti ya dola huku nyumbani yafaa kwa msafiri wa Ghuba kwa sababu hii: riyali ya Saudia imefungwa kwa dola kwa bei ya 3.75 tangu mwaka 1986, na dirhamu ya Imarati kwa 3.6725 tangu 1997. Mwenye dola ni kama mwenye riyali. Zikienda na zikirudi hazimkimbii. Na hapa Kenya sheria ya zamani iliyokuwa ikiwazuia watu kuweka fedha za kigeni ilifutwa mwaka 1995, kwa hivyo hakuna makosa kuwa na akaunti hiyo. Anayebeba noti zenyewe, zikifika thamani ya dola 10,000, sheria yamtaka azitangaze forodhani.

Je, ni bora kuweka dola na kungoja shilingi ianguke? Tumeulizwa haya sana tangu Januari 2024, dola ilipofika karibu shilingi 160. Mshahara wa riyali 1,000 siku zile ulifika nyumbani kuwa shilingi kama 42,600. Watu wakauza mbuzi wakanunua dola. Kabla ya mwaka kufika nusu, dola ilikuwa imerudi kwenye 129 hivi, na riyali zile zile 1,000 zikawa shilingi 34,400. Aliyenunua kwa 160 ili aje apate 200 alipoteza karibu moja ya tano ya mali yake, au tuseme wazi: katika kila shilingi mia, kumi na tisa. Hatusemi kuwa kununua sarafu mkono kwa mkono ni haramu. Twasema kuwa mwenye watoto hachezi na karo yao. Fedha ya Haji, ambayo italipwa kwa riyali, na ikae katika dola. Fedha ya mawe na saruji, ambayo italipwa Msambweni kwa shilingi, na ije kuwa shilingi, kidogo kidogo kwa kadiri ya kazi.

Na hapo hutokea ugomvi mwengine. Mtu alimkopesha mwenziwe dola 1,000 dola ilipokuwa 160. Leo mdaiwa ataka kulipa shilingi 129,000, na mwenye kudai ataka 160,000. Haki ni dola 1,000, si chini wala juu. Baraza la Fiqhi lilisema hivyo Kuwait mwaka 1988, kwamba deni hulipwa kwa mfano wake, si kwa thamani yake. Wakiridhiana siku ya kulipa kuwa achukue shilingi, basi ni kwa bei ya siku hiyo ya kulipa, na wasiachane mna baki kati yao, kama Ibn Umar r.a. alivyojibiwa na Mtume s.a.w. alipouliza khabari ya kuuza ngamia kwa dinari na kupokea dirhamu. Wala haifai kuliandikia sharti hili mwanzoni, siku ya kukopa.

Zaka twaitaja kwa ufupi: fedha iliyoko Jedda au Ujerumani ni mali kama iliyo sandukuni. Ikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu na ikapitiwa na mwaka, hutolewa mbili na nusu kwa kila mia, kwa bei ya siku ya kutoa.

Lililobaki ni mauti, na hili watu hulikimbia. Mtu wetu hufa Dammam, na nyumbani hakuna ajuaye kuwa alikuwa na akaunti mbili. Benki za Ghuba zikipata khabari ya kifo hufunga akaunti mpaka ziletewe hati ya mahakama. Hapa Kenya, akaunti isiyoguswa miaka mitano huweza kuhamishiwa kwa mamlaka ya serikali inayoshika mali zisizodaiwa, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2011. Mali haipotei, lakini warithi lazima waijue ndipo waidai. Na wako waliofungua akaunti ya watu wawili, mume na mke au kaka na dada, na benki humpa yote yule aliyebaki hai. Hiyo si mirathi ya Kiislamu. Aliyebaki huchukua kilichokuwa chake, na sehemu ya maiti hugawiwa warithi wote baada ya madeni na wasia, na Kadhi yupo kwa kazi hiyo. Imesimuliwa katika hadithi ya Ibn Umar r.a. kuwa haimpasi Muislamu mwenye kitu cha kuusia alale nyusiku mbili ila wasia wake umeandikwa. Zubeir r.a. alimkalisha mwanawe siku ya vita akamweleza madeni yake. Mtu wetu huficha hata jina la benki, akidhani kulitaja ni kuita kifo.

Karatasi moja yatosha: jina la benki na mji wake, namba ya akaunti, sarafu iliyomo, nani anamdai na nani yeye amdai, na mashahidi wawili. Namba ya siri haiandikwi humo. Nakala moja hubaki kwa mtu mwaminifu asiye mrithi, na nyingine huenda na msafiri. Wanaotoka Funzi, Bodo na Shirazi ambao watasafiri kabla ya Ramadhani, na wenye watoto waliokwisha safiri, waje darsani Jumamosi baada ya Alasiri pamoja na mikataba yao, tuisome pamoja kwa Kiswahili, na wasioweza kuandika wataandikiwa bila ya malipo.